Mtoto Asiyejikuna

Nilisikia kucha kabla sijamwona mtoto. Zilikuwa nyuma ya leso iliyotundikwa kugawa chumba, zikipanda na kushuka juu ya ngozi kavu kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, zinanyamaza kidogo, kisha zinaanza tena kwa ari mpya. Tulikuwa wanawake kama kumi, wengine mikekani, wengine kwenye viti vya plastiki vya kukodi, tukinywa chai ya rangi iliyotiwa sukari nyingi kama inavyotiwa matangani. Hakuna mwingine aliyegeuka. Mimi niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimetoka Lodwar asubuhi hiyo baada ya kupigiwa simu kwamba Mama Awoi amefariki, na tangu nifike Kakuma nilikuwa nimesalimiwa, nimelishwa wali na mbuzi, nimepelekwa kuona kaburi lililozungushiwa miiba ili fisi wasilifukue, na sikuwa nimetoa chozi hata moja. Sauti ile ya kucha ndiyo iliyonitoa machozi.

"Nani huyo anajikuna?" niliuliza.

"Ni Amoni, wa kwangu wa mwisho," akasema Awoi, binti wa marehemu. "Wiki mzima iko hivyo. Mwache tu, sista, leo wewe ni mgeni."

Niliomba aletwe. Alikuwa msichana wa miaka miwili hivi, amekasirika kwa kukatizwa kazi yake. Nilitazama kati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kwapani, kiunoni pale ushanga unapokaa. Vipele vidogo vilikuwa vimejipanga, vingine vimepasuliwa kwa kucha na kufanya kikoko. Halafu, bila kufikiri, nikaushika mguu wake, nikaweka kidole gumba kwenye mgongo wa mguu, nikabonyeza, nikangoja kidogo, nikaachia. Ngozi ikarudi mahali pake palepale, kama haikuguswa.

Awoi alicheka huku macho yamemjaa maji. "Mama pia alikuwa hivyo hivyo. Mtoto akiingia hapa nyumbani, hata wa jirani, anashikwa mguu kwanza. Tulikuwa tunamuuliza, mama, kwani unanunua mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Nikawaambia ni upele tu, nitaacha dawa, nguo na matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto, na wote wanaolala chumba kimoja na mtoto wapakwe siku moja, hata asiyejikuna. "Na mguu?" Awoi akauliza. Nikamwambia mguu ni mzima. Sikumwambia mama yake aliupata wapi ule mtindo wa kushika miguu, wala mimi niliupata wapi. Tulikuwa watu wawili tu tuliojua, mimi na Mama Awoi, na sasa nimebaki peke yangu. Ndiyo sababu nauandika mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha uuguzi ambacho bado kilinukia gundi ya fremu. Nilipanga chumba Kakuma mjini, karibu na pale mabasi ya Lokichoggio yanaposimama, chumba cha mabati ambacho saa saba mchana kilikuwa kikilia chenyewe kwa joto, tik, tik, kama kitu kinachofikiria. Ukutani nilitundika kalenda ya kanisa na kioo. Jirani zangu walikuwa walimu wawili kutoka Kitale waliobishana kila jioni kuhusu uhamisho, nani amepata na nani amenyimwa, na mimi nilikula githeri yangu nikiwasikiliza kupitia mabati, nikijiambia kwamba sitakuwa kama wao, sitahesabu siku. Mchana nilikula kambini kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyepika maharagwe ya ful kwenye sufuria kubwa nyeusi na kuyamwagia mafuta ya simsim. Aliniita "binti ya dawa," akaniongezea mkate bila kuulizwa. Nilipenda kila kitu. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani makosa makubwa hufanywa na wanaochukia kazi yao. Mimi niliipenda kazi yangu kama mtu anavyopenda nguo mpya. Nilipita nayo kila mahali ili nionekane.

Kliniki yetu ilikuwa ukingoni mwa kambi, upande wa kuelekea Kalobeyei, na ilihudumia wakimbizi na wenyeji bila kubagua. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza mbili, mizani ya kuning'iniza watoto, na mlango wa chuma uliokuwa adui yetu sote. Upepo wa Kakuma haupigi hodi. Kila aliyetoka, mlango ulimponyoka na kujigonga kwenye fremu kwa kishindo ambacho kiliwaamsha watoto wote waliokuwa wamelala na kumfanya Daktari Simiyu aharibu sahihi yake. Daktari Simiyu alikuwa afisa tabibu, mtu mpole aliyechoka, kutoka Bungoma, ambaye alikuwa akiamini kwamba siku iliyopita bila kelele ni siku njema. "Funga polepole, jamani," alisema mara ishirini kwa siku. Hakuna aliyeweza. Ilibidi ushike komeo kwa mikono miwili, uusindikize mlango hadi mwisho, na nani mwenye mtoto mgongoni ana mikono miwili?

Mama Awoi alikuwa mkalimani wetu, na pia aliyefagia, aliyechota maji, na aliyejua nyumba ya kila mtu kuanzia mjini hadi lagani, kule kwenye mto mkavu. Hakuwa amesoma. Wiki yangu ya kwanza alisimama mbele ya picha za magonjwa ya ngozi zilizobandikwa ukutani, zilizoletwa na wafadhili kutoka nchi za mbali, watoto weupe wenye mabaka mekundu kama nyanya, akazitazama kwa huruma ya kweli. "Sista," akaniuliza, "hii watoto ni ya wapi? Iliungua?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamweleza: huyu ana surua, huyu ana ukurutu, huyu ana harara ya joto. Akatikisa kichwa. "Kwetu moto ya ngozi haionekani. Inashikwa." Akanionesha. Aliweka upande wa nyuma wa mkono kwenye shavu la mtoto, kisha kwenye tumbo, kisha akapapasa mgongo kwa ncha za vidole akiwa ametazama pembeni, kana kwamba macho yangemdanganya. Leo nafundisha jambo hilohilo Lodwar, kwa wanafunzi wenye simu zilizojaa picha za ngozi nyeupe. Nawaambia: wekundu mlioambiwa mtafute, kwenye ngozi yetu huja kama weusi zaidi, au zambarau, au mng'ao tu, na mara nyingine haujionyeshi kabisa, basi gusa kama pana moto, kama pamekuwa pagumu, kama pana chembechembe za surua zinazosikika kama mchanga chini ya kitambaa. Wanaandika. Nilipoambiwa mimi, sikuandika. Nilikuwa na kitabu.

Mwaka huo upele ulikuja kama nzige. Maji ya mifereji yalikuwa machache, watu walilala wengi kwenye nyumba moja, na kufikia mwezi wa pili wa ukame, ukifika kliniki alfajiri, ulisikia foleni kabla hujaiona: kucha za watoto, kucha za mama zao, mchakacho mmoja mrefu nje ya ukuta wa mabati. Dawa tuliyopewa ilikuwa majimaji meupe kama maziwa. Mtoto anapakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, anakaa nayo hadi kesho yake ndipo anaogeshwa, na baada ya siku saba anapakwa tena. Lakini akina mama, kwa kuona watoto bado wanajikuna, walirudi kesho yake, na keshokutwa, na foleni ikawa haina mwanzo wala mwisho. Ndipo mimi nikabuni alama. Tulikuwa na ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo ikishika ngozi haitoki kirahisi. Kila mtoto niliyempaka, nilimtia tone moja kwenye mgongo wa mguu. Wiki hii mguu wa kulia, wiki ijayo mguu wa kushoto. Mtoto akija na tone bichi kwenye mguu wa wiki hiyo, hana haja ya kuonwa. Arudi siku saba zitimie. Asubuhi nilipita kwenye foleni nikitazama miguu tu, na foleni ikapungua nusu kabla ya chai. Daktari Simiyu alifurahi mno. Aliandika barua kwa wakubwa, na wakubwa wakajibu kwamba watu wangekuja kutoka Nairobi kuutazama utaratibu wangu. Nilibandika nakala ya jibu lile ukutani kwangu, juu ya kioo, ili nikijitazama niisome.

Siku moja nilimsikia mlinzi wetu akimweleza mama mmoja Mkongo aliyekuwa mgeni kwenye foleni.

"Hii ni chapa, mama," alikuwa akisema. "Kama ya ngamia. Ukishapigwa, wewe ni wa sista."

"Na mutoto akipoteya?" mama akauliza.

"Ngamia yenye chapa haipoteagi. Mwenyewe anaitafuta."

Walicheka wote wawili, na mimi nilicheka kimoyomoyo ndani. Sikujua kwamba kwa wengine haukuwa utani. Sisi tuliotoka kwenye mashamba ya mahindi hatuna chapa. Ng'ombe wetu ni wawili, wana majina, wamefungwa nyuma ya nyumba. Sikujua maana ya kutia alama kwenye mwili wa kitu: kwamba si rekodi, ni ahadi, kwamba anayetia chapa amesema mbele ya watu wote, huyu ni wangu, akionekana anatangatanga mahali popote nirudishiwe.

Nakiru alikuja Jumatatu, wiki ya mguu wa kulia. Alikuwa msichana wa umri wangu, labda mdogo wangu. Mbuzi wa kwao walikuwa wamekwisha kwa ukame, na yeye alikuwa akichoma makaa na kuyabeba kichwani hadi kambini, akibadilishana na unga wa mgao. Mtoto wake aliitwa Asekon, jina la mti wa mswaki, mti ambao hubaki na majani hata wakati kila kitu kimekauka. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilimtazama usoni, mashavu yamejaa, nikasema, "Mtoto mnono huyu," na kwenye mizani uzito wake ulikuwa si mbaya. Nilipofunua nguo niliona mapajani na makalioni ngozi imefanya mabaka meusi yaliyopasuka na kubanduka, kama rangi ya zamani inavyobanduka ukutani, na kwenye mikunjo chini yake kubichi. Sikuwa nimewahi kuona upele umefika pale. Nikadhani ni kwa sababu mama amechelewa kumleta.

"Muulize alianza kujikuna lini," nilimwambia Mama Awoi.

Wakazungumza. "Anasema haijikuni."

"Muulize vizuri."

"Nimeuliza vizuri. Sikiliza mwenyewe, sista." Aliinua mkono kunizuia nisiseme. Nje foleni ilikuwa ikichakacha kama kawaida. Mtoto alikaa mapajani mwa mama yake, mikono yake imelala, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Iko kimya. Mtoto ya upele haikai kimya. Hii si upele. Angalia nywele yake, imekuwa kama ya mzungu. Hii iko na njaa."

"Na hayo mashavu?"

"Hiyo ni maji."

Nyuma ya Nakiru walikuwa wanawake wengi. Daktari Simiyu alikuwa akitutazama. Mimi nilikuwa na cheti, na picha zangu ukutani, na wageni wa Nairobi njiani, na huyu aliyekuwa akinifundisha kazi yangu alikuwa ameshika ufagio. Nilisema, na sauti yangu haikuwa ya ukali, ilikuwa ya upole ule unaotumiwa kwa watoto, "Mama, wewe tafsiri tu."

Mama Awoi aliuegemeza ufagio ukutani. Kisha akatafsiri tu. Alitafsiri kila neno nililosema, apakwe hivi, asioshwe hadi kesho, na hakuongeza kitu. Nilimpaka Asekon mwenyewe. Dawa ile huchoma hata kwenye ngozi nzima. Alilia kilio chembamba, bila nguvu, kama mlango wa mbali, na hata kilio hicho hakukimaliza. Nikamtia tone la zambarau kwenye mgongo wa mguu wa kulia. Nikampa Nakiru chupa ileile, na dawa iliyobaki, ya kumpaka mara ya pili, nikamwambia kwa vidole kwamba chupa ni ya kurudishwa, maana tulikuwa nazo chache. Nakumbuka kwamba alitabasamu. Aliligusa lile tone kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, akasema jambo.

"Anasema nini?"

"Anasema asante," akajibu Mama Awoi. "Anasema sasa mtoto ni ya kliniki pia."

Siku ya tano Nakiru alirudi. Mama Awoi alikuwa amekwenda kuchota maji, na mimi nilikuwa nje, napita kwenye foleni nimeinama, naangalia miguu. Nilikuwa nimezoea kuona miguu iliyosuguliwa kwa mawe, kwa maana akina mama wengine walikuwa wakijaribu kufuta tone ili nisiwarudishe, na ngozi ikachubuka. Wa mtoto wa Nakiru ulikuwa tofauti. Nilipomfikia aliufunua mguu wa mtoto yeye mwenyewe, akaunyanyua kunionesha, na tone lilikuwa pale, zambarau, kamili, kana kwamba nimelitia asubuhi hiyo. Baadaye nilijua kwamba kila alipomwosha mtoto aliuacha mguu ule nje ya maji, na aliufunga kitambaa ili vumbi lisifute. Aliutunza kama mtu anavyotunza kitambulisho. Wengine walificha alama ili wapite. Yeye aliamini ndiyo itakayompitisha.

Nikatazama mguu. Sikutazama uso. Nikasema kwa Kiswahili, "Huyu ameshapakwa," nikamwonesha vidole viwili, siku mbili bado, nikaenda kwa anayefuata. Alinifuata hatua chache akiwa bado ameuinua mguu, kwa kudhani sikuona. Mlinzi akamwambia akae. Alikaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilimwona kupitia dirisha nikiwa nakunywa chai, na nilipotazama tena, kivuli kilikuwa kimehama na yeye hakuwepo.

Kesho yake, kabla hatujaanza, Mama Awoi aliingia na mtoto mikononi, Nakiru nyuma yake. Alikuwa amepita kwao asubuhi. Hakunisalimu. Alimlaza Asekon kwenye meza yangu, juu ya fomu zangu, akaushika mguu wa kulia, akaweka kidole gumba chake juu ya tone langu la zambarau na kubonyeza. Alibonyeza muda mrefu, akinitazama mimi. Alipoondoa kidole, tone halikurudi juu. Lilibaki chini, ndani ya shimo, dogo na safi, kama kitu kilichodondoka kisimani.

"Leo," akasema, "tafsiri wewe, sista."

Nilimgusa mtoto. Alikuwa wa baridi, Kakuma, kwenye joto lile. Ngozi ya mapaja ilikuwa imetoka sehemu kubwa kuliko mwanzo, na palipotoka ngozi joto la mwili lilikuwa likitoka pia, kama nyumba iliyoezuliwa. Mtoto aliyevimba kwa kukosa chakula huacha kutengeneza ngozi. Hana cha kuitengenezea. Na ukimwona anabanduka hivyo hupaki dawa ya kuchoma, humwoshi kwa maji baridi, unamfunika, unamlisha kidogo kidogo, unamwekea dawa ya vijidudu, unampeleka kwa wenye uwezo siku hiyohiyo. Yote haya yalikuwa kwenye kitabu changu, kurasa chache baada ya upele. Daktari Simiyu alikuja, akanyofoa unywele mmoja na ukatoka bila mtoto kushtuka, akafumba macho. Gari lilimpeleka hospitali ya kambini. Walimvua, wakamlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote wawili kwa blanketi moja, wakampa maziwa ya matibabu kwa kijiko. Nilikwenda jioni. Nakiru alinisalimu, ejok, akajisogeza nikae. Siku ya pili asubuhi, wauguzi wakiwa wanagawa uji, Asekon alikufa kifuani pale pale, na ilichukua muda kabla mama yake hajajua, kwa sababu alikuwa mtoto mkimya.

Nilimwambia Daktari Simiyu kwamba ni mimi. Alikuwa akila chakula chake cha mchana, ugali na sukuma wiki.

"Sista, usijitese. Watoto hawa hufika wakiwa wamechelewa."

"Hakuchelewa. Alifika mara mbili."

"Fomu itasema utapiamlo. Ni kweli, si uongo." Akasogeza sahani. "Fomu haina mahali pa hayo mengine. Na wageni wanakuja Alhamisi."

Wageni walikuja. Niliwaonesha utaratibu. Walipiga picha za miguu ya watoto, zambarau kwenye vumbi, wakasema ni jambo rahisi na zuri. Mama Awoi aliwatafsiria mama waliohojiwa, neno kwa neno, macho yake ukutani. Walipoondoka niliimwaga dawa ya zambarau iliyobaki nyuma ya choo, na tangu Jumatatu iliyofuata sikumtia mtoto alama tena. Foleni ikarudi kuwa ndefu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ila Mama Awoi, alipokuwa akiwapokea watoto, alianza kuishika miguu, mmoja mmoja, kabla ya kuuliza jina, na mimi nikaanza kumfuata, na hatukuwahi kulizungumzia. Ndivyo tulivyoishi miezi minane iliyobaki. Alinisamehe? Sijui. Alinipikia mchuzi wa mbuzi nilipougua malaria, akanisindikiza hadi barabarani siku ya uhamisho wangu. Lakini neno sista, kinywani mwake, halikurudi kuwa lilivyokuwa.

Juzi matangani, nilipokuwa naaga, nilimuuliza Awoi kama anamkumbuka msichana mmoja muuza makaa aliyeitwa Nakiru. Akasema anamjua sana. Yuko Kaikor, ana duka la unga na sukari, ana watoto watatu. "Mama alikuwa anamtumia salamu kila mwaka. Nikupe namba yake?" Nikaichukua. Iko kwenye simu yangu sasa ninapoandika. Nimekaa Lodwar miaka mingi, na Kiturkana changu kinatosha. Ninaweza kumwambia mwenyewe, bila mkalimani, maneno ambayo sikuyasema siku ile. Sijapiga.

Siku ile ilikuwa kama wiki mbili baada ya mazishi ya Asekon. Mchana, foleni imekwisha, Daktari Simiyu amekwenda mjini. Nakiru aliingia bila mtoto mgongoni, na kwa kukosa kile kitu mgongoni alionekana kama mtu aliyepungua. Shanga za shingoni alikuwa amezivua. Aliweka chupa mezani. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, na alikuwa ameifuta vumbi.

"Anasema amerudisha," akasema Mama Awoi. "Anasema watoto wengine wanajikuna."

"Mwambie asante."

Akamwambia. Nakiru hakuondoka. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiitazama ile chupa, na Mama Awoi aliacha kufagia ili amsikilize hadi mwisho.

"Anauliza," akasema. "Ile siku ya kwanza mtoto ililia sana na dawa. Ulisema isioshwe mpaka kesho. Yeye aliosha jioni. Alihurumia. Anauliza kama ni hiyo ndiyo iliua mtoto."

Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Nilijua alichokuwa amekibeba kwa wiki mbili, kutoka lagani hadi pale, na nilijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa na uwezo wa kumtua. Ilihitaji maneno machache. Si wewe. Ulimleta mapema. Ni mimi nilikosea, mara mbili.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie hakukosea."

Mama Awoi hakutafsiri. Alikuwa akinitazama kama alivyonitazama siku ile mezani. "Atauliza nani alikosea, sista."

"Mwambie hivyo tu."

Alingoja. Alinipa muda mrefu, nautambua sasa, zaidi ya muda ambao mtu yeyote amewahi kunipa. Kisha akaugeukia uso wa yule msichana na kumwambia nilichosema, na kwa kuwa alitafsiri tu, kilikuwa kifupi sana. Nakiru alisikiliza. Alisubiri kidogo, ikiwa kuna kingine. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa arudi siku nyingine, akaenda mlangoni. Upepo ulikuwa mkali. Alilishika komeo kwa mikono yote miwili, kwa kuwa sasa alikuwa nayo yote miwili, akausindikiza mlango hadi mwisho na kuufunga bila sauti, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye mtoto aliyelala.